Paa la Kioo la Hartwig Lohse

Hartwig Lohse alijenga maisha yake yote, na hakuna alichojenga kilichomaliza wiki. Ndiyo kazi yetu sisi wachoraji wa mabanda ya maonyesho hapa Düsseldorf. Unachora kwa miezi, mafundi wanasimamisha, wageni wanapita na mifuko yao ya vipeperushi, kisha siku ya mwisho, kabla hata mgeni wa mwisho hajafika mlangoni, kila kitu kinatupwa kwenye kontena la taka: zulia, kuta, kaunta, maua. Mimi nimezoea. Hartwig, ambaye meza yake ilitazamana na yangu miaka mingi, hakuzoea hata siku moja.

Mkewe, Gerlind, alikuwa akimtania mbele yetu. "Na wewe ukifa nakutia kwenye kontena lile lile," alimwambia mara moja, alipomletea ofisini mkate wa mchana aliousahau. "Utajisikia nyumbani." Hartwig alicheka kuliko sisi sote.

Akatangulia Gerlind. Siku ya mazishi, msafara uliokuwa mbele yetu haukuwa umemaliza, na kwenye makaburi ya kwetu Gerresheim zamu ni zamu, waliotangulia hawahimizwi. Tukabaki langoni, jeneza likiwa juu ya mkokoteni, mvua ya Novemba ikitunyeshea vichwani, na hakuna hata ubao wa kujikinga. Hartwig alikuwa na mwavuli mmoja. Akaushika juu ya jeneza. Mama mkwe wake, kikongwe wa watu, alilowa hadi soksi, na wapo wanaomlaumu Hartwig mpaka leo. Waache walaumu, wao hawakuwa wameshika mwavuli ule.

Haikupita muda mrefu akina Overkott wakatuletea kazi. Hao ni watu wa vioo tangu babu yao, na walikuwa wamepata njia ya kujenga kwa kioo kitupu: miguu ya kioo, boriti za kioo, paa la kioo, vyote vimeshikana kwa gundi yao wenyewe, bila boliti wala kipande cha chuma. Kila mguu ulikuwa na matabaka matatu yaliyogandishwa pamoja, ili moja likipasuka mawili yabebe. Walitaka banda la kuonyesha maajabu hayo. Hartwig akawachorea kibanda cha miguu minne, chenye nafasi ya watu kujipanga bila kubanana, na paa lililoinama kidogo upande mmoja. Nikamuuliza paa limeinamia nini, ilhali ndani ya ukumbi wa maonyesho hakunyeshi. Akaendelea kuchora.

Nilikuja kujua baadaye. Alikuwa amekwenda kwa Bi Reinhild Overkott, mwenye kiwanda, akamwomba kwamba maonyesho yakiisha kibanda kisitupwe, kipelekwe kizima kizima langoni pa makaburi ya Gerresheim. Mlango wa ukumbi alikuwa amekwisha kuupima, akajua kitapita juu ya lori. Bi Reinhild akakubali. Wasimamizi wa makaburi nao wakakubali, wakamwaga zege kabisa pale langoni na kuacha mashimo manne ya kupokea miguu.

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Alichora akipiga mluzi, akafuta, akachora tena, akatukera sote kwa kutuita tutazame maji ya mvua yatakavyoteremka nyuma ya watu bila kumgusa mtu. "Hiki kitabaki," akaniambia siku moja. "Mimi nitaondoka, hiki kitakuwa pale."

Sasa, Hartwig alikuwa mtoto wa seremala, na maseremala wa kwetu hawamalizi kenchi za paa bila mmoja wao kupanda juu, kuiombea nyumba heri, kunywa kigilasi cha pombe kali na kukitupa chini. Kikivunjika, nyumba ina baraka. Kikibaki kizima, watu hawatazamani usoni. Hartwig alifanya hivyo kwa kila banda, hata mabanda ya mashine za kuoshea vyombo, na mafundi walikuwa wakimcheka kwa mapenzi.

Siku kibanda cha kioo kilipokamilika, Ulf, msimamizi wa mafundi, alisita. "Mzee, leo tusamehe. Hapa kila upande ni kioo."

"Ulf, mwanangu, nimeyafanyia mabanda ya takataka," akasema Hartwig. "Hili la kubaki ndilo nilinyime?"

Akapanda ngazi, akasema maneno yake, akamtaja Gerlind, akanywa, akatupa. Kigilasi kikaangukia zulia jipya, kikabingirika, kikatulia. Kizima. Mafundi wakacheka kidogo, halafu wakaacha kutazamana. Hata mimi nisiyeamini mambo hayo nilihisi baridi. Hartwig akashuka, uso umemwiva, akakiokota, na badala ya kukitia mfukoni yaishe, akakibamiza kwa nguvu zake zote kwenye ukanda wa sakafu usio na zulia. Safari hii kikavunjika. Kitako chake kinene kikaruka, kikagonga ukingo wa mguu wa nyuma.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu. Hartwig akapiga magoti, akapitisha ukucha. Kipande kama punje ya dengu kilikuwa kimemeguka kwenye tabaka la nje.

Kioo hubeba mzigo mkubwa, lakini ukingo wake haupendi kuguswa. Ukishameguka, tabaka lile huenda likakaa miaka, au likapasuka siku yoyote ya jua kali bila mtu kulikaribia. Na mguu ule haungeweza kubadilishwa, maana kibanda chote kilikuwa kimegandishwa kikawa kitu kimoja. Hiyo ndiyo sifa waliyokuja kuionyesha.

"Ni tabaka la nje, mzee," Ulf akasema kwa sauti ya chini. "Mawili yapo. Tunaweka chungu cha maua hapo, hakuna atakayeona." Nami nilikuwa upande wa Ulf, na sioni haya kusema. Mtu ameomba kitu kimoja tu maishani.

Hartwig hakuinuka upesi. "Atasimama hapa mtu amefiwa," akasema. "Halafu kimpasukie kichwani?"

"Hakitaanguka."

"Najua hakitaanguka. Lakini kitapasuka, na yeye atasikia."

Akaenda kwa Bi Reinhild akamweleza yote, pamoja na ule ujinga wa kutupa mara ya pili. Yule mama hakumfokea. Alimvutia kiti, akamwambia kwamba mhandisi wa makaburi hatatia sahihi kwa kibanda chenye jeraha, naye Bi Reinhild hatamficha mhandisi huyo jambo hilo. Kisha, maana alikuwa mfanyabiashara na maonyesho yalikuwa yanafunguliwa kesho yake, akasema kama kibanda hakiendi makaburini, basi kifanye kazi papa hapa: tabaka lile livunjwe kwa nyundo mbele ya wageni, waone mawili yanavyobeba. Ulf angepiga.

"Nipe mimi nyundo," Hartwig akasema. "Mimi ndiye niliyeanza."

Kesho yake umati ulijaa, simu zimeinuliwa. Hartwig alivaa suti aliyomzikia mkewe. Akapiga mara moja, pale pale penye dengu. Tabaka likapasuka juu hadi chini, likawa jeupe kama maziwa. Paa halikutikisika hata kidogo. Watu wakapiga makofi, wakapita chini yake wakicheka na kupigana picha. Lilikuwa banda lililosifiwa kuliko yote aliyowahi kuchora. Mgeni mmoja akamuuliza kibanda kizuri hivi kitapelekwa wapi baadaye.

"Kontenani," akasema Hartwig.

Siku ya kubomoa, mashine ikaja na mkono wake wa chuma. Kibanda kikakataa. Walikipiga, wakarudi nyuma, wakakipiga tena, kikawa cheupe chote, na bado kimesimama. Ulf alimsihi Hartwig atoke nje wakanywe kahawa. Hakutoka. Alitazama mpaka paa lilipokubali, na mimi nilimtazama yeye, na nikawachukia watu wote mle ukumbini, pamoja na wale wasio na kosa.

Baada ya hapo hakuchora tena cha maana. Alistaafu, akaugua mapafu, na msimu wa baridi uliofuata tukampeleka Gerresheim alale karibu na Gerlind. Waliokuwa mbele yetu hawakuwa wamemaliza. Tukasubiri langoni, mvua inanyesha, tumelizunguka lile zege ambalo hakuna aliyejisumbua kulivunja. Yale mashimo manne yalikuwa yamejaa maji na majani yaliyooza. Jeneza lilikuwa katikati yetu, linalowa.

Ulf alikuwa na mwavuli. Mkewe alikuwa kando yake, amejikunyata, nywele zinachuruzika maji. Ulf akamtazama, akatazama mashimo, kisha akasogea mbele na kuushika juu ya jeneza.