Vichwa Vilivyonyolewa

Kwetu Mbinga, wafiwa hunyolewa nywele siku ya kumaliza matanga. Mume wangu alikuwa Mzungu, lakini tulimzika kwetu, kando ya shamba la kahawa la wazazi wangu, na mimi na binti yetu tulinyolewa kama wafiwa wengine. Shangazi yangu ndiye aliyeshika wembe. Mtoto hakulia. Tangu baba yake azikwe hakuwa amelia wala kutamka neno, na huyu alikuwa mtoto wa miaka sita aliyezoea kuongea hata akiwa na chakula mdomoni.

Nilimpeleka kwenye maombi, nikampeleka hospitali. Mwisho nikaamua kumpeleka ziwani. Kule Mbamba Bay kuna bustani ya mapumziko yenye uzio, bembea na kipande cha ufukwe, na hapo ndipo baba yake alipomfundisha kuogelea. Nilijiambia akiyaona yale maji atasema kitu. Sikuwa na wazo jingine.

Asubuhi ya safari nilimvika kofia, nami nikajifunga kilemba. Sikutaka watu waliokuja kustarehe watushangae vichwa.

Getini nilimkuta mlinzi mgeni. Nilimsalimia, akaitikia huku akimtazama mtoto, ambaye rangi aliichukua ya baba yake.

"Dada, wenye mtoto wako wapi?"

"Mimi ndiye mama yake."

"Aa, dada! Mayaya wenzako husema bosi anakuja nyuma. Wewe umejipandisha cheo kabisa."

Vijana wawili waliokuwa wakinywa soda karibu na geti walicheka. Mmoja akasema, "Mwache bwana, labda mimba aliilea kwa maziwa matupu."

Nilimwonyesha mlinzi picha kwenye simu, sisi sote watatu. "Picha na Wazungu hata mimi ninazo," alisema. Nikamwambia baba wa mtoto amefariki. "Pole," alijibu, kama mtu anayemjibu mwongo. Kisha akachuchumaa mbele ya binti yangu, kwa upole, hilo siwezi kulikana.

"Mrembo, huyu ni mama yako?"

Nilimbana mkono. Moyoni nilikuwa nikimsihi: sema, mwanangu, neno moja tu. Alimtazama mlinzi, akanyamaza.

Mlinzi akasimama. "Umeona? Mrudishe kwa wenyewe kabla sijapiga simu polisi."

Miaka yote tulipokuja na baba yake, geti lile lilifunguliwa kabla hatujalifikia. Nilidhani lilikuwa likifunguliwa kwa ajili yetu sote.

Tulizunguka uzio hadi kwenye mawe, ambako kina mama walikuwa wakifua na kuanika dagaa. Mtoto alisikia joto, akavua kofia. Mama mmoja mtu mzima aliacha kufua. Alikitazama kile kichwa, akakitazama kilemba changu.

"Mmefiwa," alisema.

"Shikamoo, mama. Ndiyo."

"Marahaba. Ni baba yake?"

"Ni baba yake."

"Pole, mwanangu. Na wewe mjukuu wangu, pole." Akasogeza beseni lake ili tupate pa kukaa. Hakuuliza mtoto ni wa nani.

Ng'ambo ya uzio watoto walikuwa wakibembea. Binti yangu alitumbukiza miguu majini, akapaangalia kwa muda mrefu mahali alipokuwa akiogelea na baba yake. Ndipo aliposema, sauti imemkauka:

"Mama, yule mlinzi akipiga simu, watakuja kunichukua?"

Hilo ndilo neno nililokuwa nimelingoja. Nikamwambia hapana, hakuna wa kukuchukua. Akauliza tena. Nikamjibu tena, lakini yeye alikuwa akitazama nyuma yangu. Niligeuka. Mlinzi alikuwa ametoka getini, simu sikioni, anatembea kuja kwenye mawe.

Sikuwa na cha kumwonyesha zaidi ya kile nilichokuwa nimekifunika. Nikafungua kilemba, nikampakata mwanangu, kichwa chake chini ya kidevu changu, tukamngoja.