Kikapu cha Wanawake Wawili Nilikipa Jina Moja

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili ukifika katikati usihangaike kumtafuta mwingine wa kulaumu. Hakuna aliyenituma. Niliwatenganisha wanawake ambao vita vilishindwa kuwatenganisha, na nilifanya hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti chao cha plastiki, nakunywa chai yao.

Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui, na hata tukipishana barabarani hapa Bunia hutanijua.

Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Akili nilikuwa nayo, ila kukaa kitako sikuweza. Nimepakia mbao kwenye malori ya Komanda, nimetengeneza simu Beni, nimelala Mahagi miezi ambayo hata sijui nilikuwa nakula nini. Kila nilikopita nilifungua kitu nione ndani mna nini: redio, kufuli, pampu ya maji ya watu. Mama yangu alikuwa akisema nitakufa nikichungulia kaburi la mtu mwingine.

Kisha nikakuta programu moja. Ni ya bure, ya kujengea tovuti. Haikupi nyumba iliyokwisha, inakupa matofali. Unataka gazeti, unajenga gazeti. Unataka duka, unajenga duka. Kila jambo unalotaka tovuti ilijue unalitengenezea kisanduku chake: kisanduku cha jina, cha bei, cha picha. Ukipenda, mnunuzi anaweza kuchuja kwa kisanduku hicho, anaomba vyekundu tu au vikubwa tu, na vingine vinaondoka machoni pake. Mtu kama mimi kupewa kitu kama hicho ni mbuzi kufunguliwa kwenye shamba la maharagwe. Nilijifunza kwa video, kwa kuharibu na kuanza upya. Nikajenga tovuti ya kanisa, nikajenga na ya duka la vipuri vya pikipiki.

Mwenye vipuri ndiye aliyenipeleka kwa Mama Ruta.

Mama Ruta ni mfanyabiashara wa vitenge, alihamia Bunia na watoto wake kutoka Butembo, hivyo hakuwa wa upande wowote katika vita vyetu. Nyuma ya nyumba yake, huko Rwambuzi, kulikuwa na banda la kuwekea mizigo. Aliwaachia wanawake waliokimbia vijiji vya Djugu, wakawa wanasuka vikapu humo. Walitoka pande zote mbili. Kama hujui pande ninazosema, jua tu kwamba watu wa upande mmoja na wa upande mwingine walikuwa wamechomeana nyumba na kuuana, na sasa dada zao na wake zao walikaa mkeka mmoja wakipitishana majani ya kusukia.

Siku ya kwanza nilimwuliza mama mmoja, kwa udadisi wangu tu, anatoka kijiji gani. Banda lote likanyamaza. Mikono ikasimama. Mama Ruta akanimiminia kikombe.

“Humu bote ni batu ya Bunia,” akasema. “Hata weye. Kunywa chai.”

Usidhani hawakujuana. Walijuana vizuri mno. Jina linasema, lafudhi inasema, hata namna ya kufunga kitambaa kichwani inasema. Lakini walikubaliana, bila kuketi kukubaliana, kwamba wanachokijua hakitatamkwa ndani ya banda lile. Na kwa sababu hakikutamkwa, waliweza kuazimana chumvi.

Wawili nitakuambia majina, siyo ya kweli. Mama Esta, mnene, mwenye sauti ya kuita ng’ombe. Mama Lidi, mwembamba, vidole kama vya fundi wa saa. Mmoja wa upande huu, mwingine wa upande ule. Kikapu chao walikisuka pamoja: Esta anaanza kitako, maana kitako chake hakiyumbi hata ukiweka jiwe, kikifika juu anampa Lidi, anamalizia mdomo kwa mshono mdogo mdogo usioonekana unapoanzia.

“Esta,” Lidi alimwuliza siku moja, akigeuza kikapu kipya, “kitako kubwa namna hii ulipimia wapi?”

“Nilipimia ku yangu.”

Banda likavunjika kwa kicheko.

“Na weye maliza mudomo,” Esta akaongeza. “Mudomo njo kazi yako, tangu asubui iko wazi tu.”

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi. Ningekuwa na akili ningejenga tovuti yenye picha na bei, nikaenda zangu.

Lakini nilikuwa nimeona maduka ya mtandaoni ya nchi nyingine, ambako mnunuzi anaonyeshwa sura ya aliyetengeneza. Nikasema, hata sisi tuwe na sura. Nikatengeneza kisanduku, nikakiita Msusi. Programu ikaniuliza, kama inavyouliza siku zote: kisanduku hiki kipokee jina moja, au majina mengi? Nikachagua moja. Sababu ni aibu kuiandika. Kila kikapu kikiwa na sura moja, ukurasa ulipangika vizuri, mistari sawa sawa. Sura mbili ziliharibu mpango.

Nikaenda kwa Esta.

“Mama, hii kikapu ni ya nani?”

“Ni ya siye.”

“Siye nani? Nataka jina moja.”

Alinitazama kama mtu anayeulizwa mtoto ni wa baba au wa mama.

“Basi gawanya. Hii andika Lidi, ile andika mi. Siye tunajuana.”

Nikagawanya. Tovuti ikafunguliwa, kina mama wakaangalia sura zao kwenye simu yangu, wakachekana meno. Hapo bado tungepona.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mtu wa huku anayeishi mbali, Ulaya. Aliandika kwa heshima: vikapu hivi vinasukwa na watu wa kijiji gani? Angependa kusaidia watu wa kwao. Niliposoma ujumbe ule moyo ulinidunda kwa furaha. Kisanduku kipya! Sikumwambia Mama Ruta. Nilijua angesema nini, ndiyo maana sikumwambia.

Nilianza kuwauliza mmoja mmoja, nje ya banda, kisimani au njiani kwenda sokoni. Waliniambia kwa sababu walikuwa wamenizoea. Nilikula nao sahani moja. Lidi peke yake ndiye aliyesita.

“Ni ya kuandika ku mashini tu?”

“Ku mashini tu, mama.”

Akaniambia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Nikaweka kijiji chini ya kila sura. Kisha nikaweka majina ya vijiji juu ya ukurasa, kila kimoja kitufe chake. Ukibonyeza kijiji chenu, unaona vikapu vya kwenu tu. Vingine vinaondoka. Nilikitazama kitu kile nikajisifu. Mtu aliyeacha shule, nikasema, tazama.

Vikapu vikaanza kutoka. Watu walio mbali walipitishiana anwani, na kila mmoja alibonyeza kwao. Watu wa kijiji cha Lidi walioko nje ni wengi, wa kijiji cha Esta ni wachache. Vikapu vilivyoandikwa Lidi vikaisha, vilivyoandikwa Esta vikabaki vinashika vumbi kwenye kona, na kumbuka ni vikapu vile vile, kitako cha yule na mdomo wa huyu.

Esta akaniita.

“Mutoto yangu, juu ya nini ya mi haitoke? Ile ya Lidi, kitako si ni ya mi?”

“Ni wateja, mama. Beko nachagua.”

“Banachagua nini? Kikapu si ni moja?”

Nikamwonyesha. Esta anasoma polepole, kwa kidole. Kidole kilipita kwenye sura yake, kikapita kwenye jina, kikafika kwenye kijiji, kikakaa hapo.

“Nani alikuambia kuandika hii?”

“Weye njo uliniambia, mama.”

“Nilikuambia weye,” akasema. “Sikuambia batu.”

Hakupaza sauti. Sauti ile ya kuita ng’ombe, siku hiyo sikuisikia. Kesho yake alianza kikapu na kukimaliza mwenyewe. Mdomo ulienda upande kama wa mtu aliyepigwa. Lidi naye akaanza vitako vyake, na vikapu vyake vikawa haviwezi kusimama. Hawakugombana hata mara moja. Wangegombana ingekuwa afadhali. Waliacha tu kupitishiana. Haikupita wiki, mkeka mmoja ulikuwa mikeka miwili, na wengine wote walijua wakae upi bila kuambiwa.

Kumbe hilo lilikuwa bado dogo.

Adhuhuri moja akaja kaka yake Lidi kutoka kambi ya waliokimbia. Kijana mkubwa, simu mkononi. Hakusalimia mtu.

“Lidi. Siye tulifikiri unatumika kwa huyu mama wa Butembo. Kumbe uko nakula na bale?”

Kaka akainua simu ili banda lote lione. Ulikuwa ukurasa wangu. Sura ya Lidi, na kando yake, kwenye mstari ule niliounyoosha vizuri, sura ya Esta. Akasoma jina la kijiji cha Esta, herufi kwa herufi kama mtoto darasani.

“Hii kijiji njo ilichoma kwetu,” akasema.

Mama Ruta alitoka dukani na kitenge begani, akasimama mlangoni, akaelewa yote bila kuuliza. Lidi akakunja vitu vyake. Aliacha kikapu kimoja, sijui kwa makusudi au la.

“Lidi, kaa,” Esta akasema.

Lidi alikuwa ameshafika mlangoni. Hakugeuka.

“Kama haingeandikwa,” akasema, “ningekaa.”

Siku hiyo hiyo nilikifuta kile kisanduku. Programu iliniuliza kama nina hakika, maana maandishi yote yaliyomo yatapotea na hayatarudi. Nikabonyeza ndiyo. Yakapotea kwenye programu. Lakini watu walikuwa wamekwisha kupiga picha ukurasa wangu na kutumiana, kambini, mitaani, mpaka Ulaya, pamoja na maneno yao chini yake ambayo sitayarudia. Wengine walipigiwa simu na jamaa zao kuulizwa wanakaa na nani. Mmoja alifuatwa na mumewe. Mmoja aliondoka bila kuaga, akaacha viatu vya mtoto.

Mama Ruta alifunga banda. Nilisimama mbele yake nikiwa na maneno mengi ya kuomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga.

“Nilikuambia siku ya kwanza,” akanikatiza. “Sikurudia, juu nilifikiri uko na masikio.”

Akaendelea kukunja vitenge vyake. Nikafanya nilichozoea kufanya: nikapanda lori la Komanda.

Lakini hata Komanda sikukaa. Kuna usiku nilifungua ile tovuti kwenye simu. Bado ipo. Duka liko wazi, halina kitu. Ukitafuta, linakujibu kwa adabu kwamba hakuna kilichopatikana. Sijaifunga. Sijui ninaiachia nani.

Nimerudi Bunia. Lidi sijui aliko, na sithubutu kumwulizia, maana kuulizauliza kwangu ndiko kulikoanzisha yote. Esta nilimwona mwezi uliopita barabarani huko Ngezi, anauza sombe, majani ya muhogo. Amekonda. Kando yake ameweka sombe ndani ya kikapu, na kikapu hicho nakijua: kitako ni chake, kinasimama imara, lakini juu hakina mdomo. Majani ya kusukia yamebaki wazi, yanafumuka kidogo kidogo.

“Jambo, mama,” nikasema.

Akainua macho kutoka kwenye sombe.

“Jambo. Weye ni mutu ya wapi?”

Nikacheka. Nilifikiri ananitania kama zamani.

“Mama, ni mi. Mutu ya vikapu.”

“Minakujua sura. Minauliza, kwenu ni wapi?”

Mwanamke huyu alinilisha miezi yote ile bila kuniuliza. Nilikuwa mtu wa Bunia, mtoto wake, mwenye njaa. Sasa alisubiri jibu, mkono juu ya sombe, na macho yake yalikuwa yanapima. Nikamwambia kwetu. Akalisikia jina, akaliweka mahali ndani ya kichwa chake, sijui upande gani.

“Aya,” akasema. “Pita basi.”

Nikapita.

Basi wewe unayejenga maduka ya watu, uliyesoma au usiyesoma kama mimi, nakuomba. Programu itakuuliza kisanduku chako kipokee jina moja au mengi. Itakuuliza ukubwa wa picha, itakuuliza rangi. Haitakuuliza kama kisanduku chenyewe kinastahili kuwepo, kwa sababu haiwajui watu watakaoingizwa humo. Waulize wenyewe. Usiwavizie kisimani mmoja mmoja; waulize wakiwa wamekaa mkeka mmoja, wanasikilizana. Wakinyamaza, mikono ikasimama, umekwisha kujibiwa. Funga mashine yako. Kunywa chai.