Tanga Lililonyooshwa kwa Rula

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alishona sare za shule kwa miaka ishirini na miwili katika chumba chenye dirisha moja, cherehani mbili na meza ya kukatia iliyochubuka kingo. Mshono wake ulinyooka kama mstari wa daftari. Mzazi aliyethubutu kusema kwamba kola imepinda aliwekewa rula juu ya kola hiyo palepale, akaona mwenyewe, akaomba radhi. Naandika haya kwa sababu vijana wa ukoo wetu wanamjua kwa sare tu, ilhali mimi nilimwona akiwa baharia.

Mji wetu haukuwa na bahari wala ziwa. Ulikuwa na bwawa la idara ya maji, na ukingoni mwake banda la mabati lenye mashua sita ndogo, kila moja ya kumtosha mtoto mmoja au wawili. Kila Jumamosi fundi pampu wa bwawa hilo alitufundisha, watoto kumi na wanne, kuziendesha kwa tanga: usukani mkono mmoja, kamba ya tanga mkono wa pili, na kuinama upesi kila boriti ya tanga ilipovuka juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na sikumbuki kuwa na furaha nyingine yoyote mwaka ule.

Katika miezi ya mvua, banda likiwa limefungwa, panya wakatafuna matanga. Likasalia moja tu, lililojaa viraka. Mhandisi mpya wa idara alipopata habari, alitamka wazi: ifikapo Jumamosi ya mwisho ya likizo, akikuta mashua haziendi, banda litakuwa stoo ya mabomba. Wazazi wakatafuta kitambaa kigumu, na shangazi akapewa kazi ya kushona matanga matano.

Alilitandaza lile la viraka sakafuni, akalipima. Kingo zake zilikuwa zimebenuka, na mishono ya kati haikunyooka hata mmoja. Akasikitika kama daktari mbele ya mgonjwa.

"Uzee," aliniambia. "Limevutwa na kulowa mpaka limepoteza umbo. Mapya tutayarudishia unyofu."

Akachukua rula, akalinakili umbo lake kwenye kitambaa kipya huku akinyoosha kila kilichopinda. Baada ya siku nne tulikuwa na matanga matano meupe, bapa kama shuka iliyopigwa pasi.

Tulipoyapandisha, mashua zikaenda upandeupande kama kaa, kisha zikasimama. Lile la viraka likazipita zote likielekea upande upepo unakotoka. Fundi pampu alijikuna shingo kwa muda mrefu.

"Mama, kazi yako ni safi," alisema. "Ila upepo hauitaki."

"Una kasoro gani upepo wenu?"

"Sijui, mama. Mimi najua kuendesha tu. Kukata tanga sijui."

Jioni ile baba alijaribu kumtuliza. "Dada, waachie wenyewe. Wewe na maji wapi na wapi?"

"Kazi yangu haijapata kurudishwa."

"Hii ni ya watoto."

"Ndiyo mbaya zaidi. Mtu mzima angenisamehe."

Jumatatu asubuhi alifunga duka, akaenda bwawani, akamwambia fundi pampu, "Nifundishe. Siwezi kushona nguo bila kumwona atakayeivaa."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Fundi pampu alikuwa na zamu yake ya mitambo, hivyo akamkabidhi shangazi kwa msichana wa miaka kumi na mmoja tuliyemwita Kasuku, kwa kuwa hakunyamaza hata akiwa anapiga mswaki. Shangazi alifika na gauni lake la kazini, akavishwa jaketi la kuelea juu yake.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," Kasuku alimchokoza.

"Mimi sivui, mwanangu. Nitayaoga nikiwa nimevaa."

Na kweli aliyaoga. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba kila mwanafunzi aipindue mashua kwa makusudi, kisha aiinue peke yake kwa kusimama juu ya ule ubao unaotokeza chini yake. Shangazi aliipindua mara moja tu kwa makusudi, na mara tisa bila makusudi.

"Shangazi, kichwa! Inama!"

"Nimeinama!"

"Umeinama baada ya kugongwa!"

"Basi sema mapema, mdomo huo una kazi gani?"

Tulicheka ukingoni hadi mbavu zikauma. Hakutukemea. Alirudi nyumbani kila jioni gauni likichuruzika maji, akala macho yamekodolea dari.

Siku ya kumi na mbili alikuwa peke yake katika mashua ya tanga la viraka. Upepo ulikuwa wa wastani. Akaegemea nyuma, akainua macho, akatulia hivyo mpaka mashua ikapanda matopeni. Tulikimbia kumsaidia tukidhani ameumia.

"Lina tumbo," alisema.

"Nini, Shangazi?"

"Tanga lina tumbo! Halikupotezwa umbo na uzee, lilikatwa hivyo. Ile mishono iliyopinda ni kama mikunjo ninayoweka kifuani kwenye blauzi ili mwili upate nafasi." Akaketi topeni na kujipiga paja. "Kumbe upepo una mwili, na mimi nimeushonea nguo ya ubao!"

Siku saba zilizobaki sitazisahau. Kasuku nami tulikaa chini ya meza ya kukatia tukifumua mishono kwa wembe, yeye akizungumza kwa niaba yetu sote. Juu yetu shangazi alipinda, kwa mkono wake mwenyewe, kila mstari alioupiga rula. Niliona jinsi ilivyomuuma. Mshono wa kwanza aliushona akiwa amefumba jicho moja.

Jumamosi mhandisi alifika saa nne kamili. Mashua tano zilichukua watoto kumi; sisi wengine tulibaki ukingoni. Ya sita, yenye tanga la mwisho lililomalizwa alfajiri, aliishika shangazi, kwani hakukubali mtoto awe wa kwanza kulijaribu. Zote sita zikapanda kuelekea upande upepo unakotoka, matanga yamejaa. Kwenye boya la kugeukia, mbele kabisa ya mhandisi, shangazi akapinduka.

Kisha tukaona mkono, kisha gauni, kisha shangazi mzima akisimama juu ya ubao. Mashua ikainuka, tanga likajikung'uta maji, likajaa.

"Yule mama ni nani?" mhandisi aliuliza.

"Ni mwanafunzi, mheshimiwa," alijibu fundi pampu.

Mhandisi akamtazama hadi alipofika ukingoni. "Basi mabomba yalale nje," akasema, akaondoka.

Tulimkimbilia shangazi na habari hiyo, lakini hakungoja tumalize.

"Limekaa?" aliuliza. "Mlioliona kwa mbali, tanga limekaa?"

"Limekaa, Shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akaigeuza mashua na kurudi majini bila kumuuliza mtu. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na sita, mteja aliyehitaji sare yake siku ya Jumamosi alilazimika kumfuata bwawani, akasimama kwenye nyasi na kupunga mkono mpaka mshonaji wake atakapoamua kugeuka.