Kimya Kabla ya Mkate

Jamani mliokaa huko nyuma, sogeeni, na mwenye mtoto analia ambembeleze, maana safari hii ilikuwa ya stesheni chache tu lakini nilirudi nimezeeka miaka elfu mbili.

Niliondoka na huzuni. Kile chumba chetu cha ibada huku ughaibuni, pale mtaa wa Rissne, mwenye jengo kakichukua, kaweka vyuma vya kunyanyua. Mama Neema, kiongozi wa kwaya, akaapa, "Kuimba sebuleni kwa mtu, siimbi. Mimi nimelelewa kanisani penye kengele." Na bila Mama Neema sisi si kwaya, ni mbuzi. Ikabaki kuagana tu, kila mtu ashike njia yake. Nikamlilia Mzee Jakob, Myahudi wa miaka tisini ninayemhudumia kwake kila asubuhi. Akasema, "Zakayo, Ijumaa njoo kama mgeni, usije kama mfanyakazi."

Ijumaa saa nane mchana nikapanda treni hapo kwetu Hjulsta. Desemba mnaijua: jua lilichungulia, likaona baridi, likarudi kulala. Nilibeba ndizi, maana nyama ya sufuria yangu hawali.

Saa nane na nusu nikafika kwa Mzee, mkewe, Bibi Mirjam, anawasha mishumaa ya Sabato, maana jua ndiyo linazama. Wakasali, tukaja mezani. Mikate miwili, imesukwa kama nywele za bibi harusi. Kwanza kunawa: kikombe chenye vishikio viwili, maji mkono huu, maji mkono ule. Moyo ukaruka hadi Moshi, kwa bibi yangu na birika lake, anatunawisha wajukuu, foleni imeanzia mlangoni imeishia Kenya. Machozi yakanilenga. Nikageuka na Kiswidi changu cha kuungaunga:

"Haya Mzee, nyumbani hamjambo?"

"Mmm."

"Na Bibi, baridi inasemaje?"

"Mmm-mmm."

Nikajua nimewaudhi, ni hizi ndizi! Nikaanza kuziombea radhi moja moja. Mzee akaweka kidole mdomoni. Nikanyamaza. Dakika nzima, jamani, kwangu hiyo ni Kwaresima mbili!

Akabariki mkate, akauchovya kwenye chumvi, akatafuna, ndipo akacheka. "Ukishanawa husemi mpaka mkate. Makuhani walinawa kabla ya kuhudumu hekaluni, na sadaka zilitiwa chumvi."

"Warumi walipolichoma, mkaanza dini mpya?"

"Mpya wapi! Kusali na kunawa, wengine walikuwa wanafanya majumbani hata hekalu limesimama. Lilipoungua, walimu wetu wakashika kilichobaki. Meza ikawa madhabahu, sala zikawekwa saa zile zile za sadaka."

"Na hekalu mmelisahau?"

Bibi Mirjam akanionyesha ukutani, kipande kama sinia hakijapakwa rangi makusudi, kumbukumbu ya hekalu. "Tunalililia," akasema, "na tunakula."

Jioni nikarudi Hjulsta, nimejaa mkate na mawazo.

Jumapili waumini wenzangu wakaja kwangu kuagana: watu arobaini kwenye sebule ya watu sita, mmoja kakaa kabatini. Mama Neema kasimama na koti mwilini. Nikawaambia nilichojifunza: nyumba ya ibada ikienda, ililie, lakini usingoje ukuta ndipo umshukuru Mungu. Mama Neema kakunja mikono. Nikaeleza chumvi, nikaeleza kunawa, na nilivyonyamaza mpaka mkate ukaja.

"Ngoja," akanikatiza. "Wewe? Ulinyamaza?"

"Dakika nzima."

Akavua koti. "Kwaya, simameni! Kama Zakayo alinyamaza, basi Mungu anafika hata sebuleni!"