Nyongeza ya Dhahabu

Ijumaa, siku ya gulio la San Francisco El Alto, mji wa milimani, wachuuzi wa nguruwe wakimwona Candelaria Tzoc akipanda mlima hushusha bei hata kabla hajasalimia. Shule hakuiona. Alianza na nguruwe wa kuazima, na kila alicho nacho alikipata kwa ulimi. Hanunui kitu bila nyongeza, iwe kamba ya kufungia au magunzi ya mahindi.

Sasa taya la bintiye Eluvia, wa miaka kumi na minne, lilikuwa limevimba, na mama mtu alikuwa naye kwa daktari wa meno akipatana.

"Ling'oe tu, daktari. Jino lisilotaka kuota la nini?"

"Tazama kwanza, mama." Daktari Ofelia aliibandika picha ya eksirei kwenye taa. Gego la pili la Eluvia lilikuwa limelala ubavu ndani ya taya kama mlevi mtaroni, kichwa kimemgonga jirani yake. "Likizidi kusukuma, litaula mzizi wa mwenzake. Atayakosa yote mawili."

"Nani kalilaza?"

"Hii kofia ya dhahabu kwenye jino lililo mbele yake. Ukingo umetokeza nyuma. Gego limekuja, limekuta ukuta. Fundi gani huyu?"

Candelaria aliikumbuka kofia ile. Eluvia alipokuwa na miaka tisa jino lile lilitoboka, akampeleka kwa fundi wa meno wa sokoni, kama kila mtu. Fundi aliipima kofia sawasawa. Candelaria ndiye aliyegoma: "Mbona unanibania? Tia kidogo na huko nyuma!" Fundi akacheka, akatia. Jioni ile alijisifu mtaa mzima.

"Si fundi," alisema. "Hiyo nyongeza niliidai mimi."

Eluvia akainuka kitini. "Mama?"

"Lala, mwanangu."

"Dawa ipo," daktari akasema. "Naiondoa kofia, nafunua ufizi, nabandika kifungo kidogo kwenye gego, springi inalivuta polepole mpaka lisimame. Itachukua miezi. Ila kama mzizi umeshaliwa, siahidi kitu."

"Kata."

"Mama, dhahabu yangu! Shuleni watanicheka!"

"Wakucheke una meno."

Sindano ikaingia, kisha mashine ikalia. Kofia ilipotoka, daktari akachungulia, akapiga picha nyingine, akaitazama mpaka Candelaria akakosa pumzi.

"Mzizi mzima. Tunalivuta."

Eluvia aligeuza shingo, midomo imekufa ganzi, mate yakimtiririka. "Mama, inuka bwana. Mgonjwa ni mimi."

Candelaria alikuwa amekaa sakafuni, wala hakujua amefikaje pale.