Mkono wa Mama Mkwe

Mama mkwe hupima friza yake ya samaki wa biashara kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha huguna, "Mh," na kwenda zake. Mkazamwana hucheka kimoyomoyo, maana ametia humo kipima joto kinachomletea habari kwenye simu. Leo mkono haukubanduka mlangoni.

"Mwanangu, simu inasemaje?"

"Hasi kumi na nane, mama. Barafu tupu."

Mama akafungua, na maji ya samaki yakawamwagikia miguuni. Mkazamwana akapigwa na butwaa: juzi, alipomaliza kuosha friza hii, kile kidude alikirudisha kimakosa kwenye friza ndogo ya jikoni. Mama mkwe hakufoka. Alimwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso, akaguna, "Mh."