Noti ya Kumi Niliyoiosha

Siku niliyoiosha ile noti naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Jana uliniletea noti ya zamani uliyoitoa kabatini kwa mama yako, imechorwachorwa kwa kalamu, ukaniuliza, "Shosho, niisafishe na nini?" Nikakufokea bure, mimi bibi yako. Nisamehe. Keti nikwambie.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa mtaa wa Kariobangi, mimi na mama tu. Baba Halima, mzee aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na mafundi wa jua kali, wale wanaofua mabati nje, ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa kukusanya noti. Alinifundisha kuinua noti kwenye mwanga nione kichwa cha simba kilichofichwa kwenye karatasi, nipapase uzi uliopitishwa ndani, nisome kila mchoro. Akanionyesha na zile adimu. Noti ikiharibika wakati wa kuchapishwa huondolewa, na mahali pake hutiwa nyingine yenye herufi ZZ. Wee! Nilizisaka kwa mama mboga, kwa makanga wa matatu, hadi kwenye kikapu cha sadaka nilichungulia. Nilijiona profesa.

Moja Baba Halima hakuwa nayo: shilingi kumi ya kijani, ile yenye ng'ombe na watoto wawili wanaokunywa maziwa, ya ZZ. Mimi nilijua ilipo. Ilikuwa ndani ya Biblia ya mama.

Baba yangu alikuwa kibarua wa kiwandani, akienda na kurudi kwa miguu. Siku moja ya mshahara, kwa mzaha, alichukua kalamu akaandika juu ya vichwa vya wale watoto: Nekesa, Wafula. Mimi na mdogo wangu. "Hawa wangu wameshiba," akasema, tukacheka. Mwaka huohuo surua ikamchukua Wafula. Halafu mashine ikamuua baba. Hatukuwa na picha ya yeyote kati yao. Mama alibaki na noti hiyo, na kila Jumapili aliitazama kabla ya kwenda kanisani.

Sitakudanganya, majina niliyaona. Nilijiambia ni uchafu wa kalamu, unashusha thamani. Mama alipokwenda sokoni niliitia kwenye beseni, sabuni na dawa ya kung'arisha nguo, nikasugua kwa kidole. Wafula alitangulia kufutika. Kisha nikainyoosha kwa pasi ya makaa.

Nilipompelekea dukani, Baba Halima aliiinua kwenye mwanga mara moja tu.

"Umeiosha. Ilikuwa na nini?"

Nikamweleza. Mzee wa watu alikaa chini, akanirudishia. "Chafu ningeichukua, binti yangu. Yenye majina hayo ningekufukuza uirudishe kwa mama yako. Hii sasa ni karatasi. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Mama hakunipiga. Heri angenipiga! Aliigeuza noti, akaigeuza tena, kisha akanipa kalamu.

"Haya, yaandike. Kwa mkono wa baba yako."

Niliishika tu kalamu ile mpaka mama akaichukua mwenyewe. Akairudisha noti ndani ya Biblia, na ukurasa ule hakuufungua tena maisha yake yote; tulipomzika ndipo nilipoitoa. Hakunitukana hata siku moja. Wala hakuniambia amenisamehe, nami niliogopa kuuliza.

Albamu yangu unaijua. Ile noti ya kijani iliyopauka iko ukurasa wa mwisho, na mtu akiniuliza bei yake naifunga.

Basi nisikie. Noti haioshwi, haipigwi pasi, haigundishwi. Hayo atakwambia mkusanyaji yeyote. Langu ni hili: kabla hujasafisha kitu cha mtu, muulize anaona nini pale. Mimi nilijua simba, uzi na herufi zote, na jina la ndugu yangu nikaliita uchafu. Irudishe hiyo noti leo, umuulize mama yako ni nani aliyeandika.

Mungu akuepushe na mikono ya haraka kama yangu. Akupe umri, akupe watoto, na jina lako likiandikwa popote, asipatikane wa kulifuta.